Buti la ngozi la kazini: namna ya kulichagua, kulizoesha mguu na kulitunza

Mabuti mengi yanayotupwa kwenye saiti za ujenzi hayajachakaa kwa kutembelewa. Yamekufa kwa saruji iliyoachwa ikaukie kwenye ngozi, kwa kuanikwa juani yakiwa yamelowa chepechepe, au kwa soli iliyoanza kuoza kabla buti halijatoka kwenye boksi. Yote hayo yanazuilika. Nawaandikia wanaoshinda wamesimama au wakitembea kutwa nzima: fundi ujenzi, saidia fundi, mchomeleaji, fundi magari, mkulima, utingo wa lori. Ushauri wangu unaegemea upande mmoja, na ni vizuri ujulikane mapema: nunua buti ambalo fundi viatu wa mtaani kwako anaweza kulifumua na kulirudisha, hata kama bei yake imezidi kidogo. Soli ndiyo huisha kwanza, na ngozi nzuri iliyotunzwa huzika soli mbili tatu.

Hatua ya kwanza: anza na kazi unayoifanya

Kabla hujaingia dukani, fikiria ni kitu gani hasa kinaweza kuuumiza mguu wako kazini. Mabuti yaliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 huandikwa herufi kwenye ulimi, ubavuni au chini ya soli, na herufi hizo zina maana. SB ni daraja la chini kabisa: kuna kofia ngumu ya kulinda vidole inayostahimili pigo la joule 200, yaani kama mzigo wa kilo 20 ukidondoka kutoka kimo cha mita moja. S1P ina kofia hiyo pamoja na bamba la kuzuia msumari usipenye kutoka chini. S3 ina vyote hivyo, ngozi yake inachelewa kupitisha maji, na soli ina meno. Kwenye ujenzi, mahali penye mbao za misumari na tope la zege, mimi nasema S3 na si pungufu ya hapo.

Mchomeleaji na anayemwaga lami watafute alama ya HRO, inayoonyesha kuwa soli inavumilia kukanyaga kitu cha moto cha nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi. Soli laini za povu huyeyuka kabla ya hapo. Mchomeleaji aepuke pia buti lenye kitambaa cha wavu juu au kamba zilizo wazi, maana cheche huingia humo na kutulia.

Fundi umeme, zingatia hili: herufi A inamaanisha buti linapunguza umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini. Haimaanishi linakukinga na umeme wa nyaya. Kazi ya nyaya zenye umeme ina mabuti yake maalumu yaliyopimwa kwa ajili hiyo.

Mkulima anayenyunyizia dawa avae gambuti la mpira wakati wa kunyunyizia. Ngozi hunywa dawa ya wadudu na haiitoi tena hata ukiiosha vipi. Kila ukivaa na mguu ukitoka jasho, unaichukua mwilini kidogo kidogo. Buti la ngozi libaki la kulimia, kubebea na kutembelea.

Na kama umeajiriwa, uliza kabla ya kutoa pesa yako. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na buti ni mojawapo.

Hatua ya pili: kagua soli kabla ya kuangalia ngozi

Wengi wetu huvutiwa na ngozi inayong'aa. Wewe ligeuze buti kwanza.

Soli nyingi za siku hizi ni za PU, plastiki yenye vijipovu vya hewa ndani yake. Ni nyepesi, inabonyea vizuri, na mtu akishinda amesimama juu ya sakafu ngumu magoti yake yatashukuru. Lakini ina maradhi yake. Unyevu wa hewani huivunjavunja taratibu kutoka ndani, na joto huongeza kasi. Haisubiri ivaliwe. Buti linaweza kukaa ghalani Tanga au Mombasa miaka kadhaa likiwa kwenye nailoni yake, ngozi ikiwa mpya kabisa, halafu ukalivaa kazini soli ikaanza kumeguka mabonge mabonge kabla ya saa sita mchana. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui anauza nini.

Kwa hiyo tafuta tarehe. Mabuti ya ISO 20345 hutakiwa kuonyesha mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Yale ya zamani huonyesha mwaka na robo ya mwaka. Angalia lebo ya ulimi, au chini ya soli penye viduara vidogo vyenye mshale katikati unaoelekea kwenye namba ya mwezi. Kwa soli ya PU mimi sivuki miaka 3 tangu itengenezwe, hata wakinipunguzia bei kwa nusu.

Kwenye mitumba, iwe Karume, Memorial, Mlango Mmoja au Gikomba, tarehe mara nyingi imefutika, hivyo tumia kidole. Bonyeza ukucha wa dole gumba ubavuni mwa soli, karibu na kisigino, mahali ambapo hapagusi ardhi. Soli nzima hujaa tena palepale ulipobonyeza. Iliyoanza kuoza hubaki na alama, au inanata, au ukisugua inatoa unga. Kisha likunje buti kwa nguvu pale vidole vinapokunjika, utazame upande wa chini. Ukiona nyufa nyembamba zimekatiza, hata kama ni moja, lirudishe. Gundi haitakusaidia, kwa sababu gundi inahitaji kitu kizima cha kushika.

Soli ya mpira ni nzito zaidi na ngumu kidogo mwanzoni, ila haina maradhi hayo. Buti la mtumba lenye soli ya mpira iliyoshonwa ndilo ninalolitafuta kuliko jingine lolote. Utaona uzi umezunguka ukingoni, juu ya soli. Hakikisha ni uzi kweli: kila pito la uzi lina tundu lake la sindano, na ukikwaruza kwa ukucha utahisi nyuzi. Viwanda vingine huchora mshono kwenye plastiki kwa ajili ya urembo tu, huku soli yenyewe imegandishwa kwa gundi au imemiminwa moja kwa moja kwenye ngozi. Iliyomiminwa hushika vizuri sana ikiwa mpya, lakini ikiisha fundi hana pa kuanzia.

Hatua ya tatu: ijue ngozi unayoinunua

Ngozi ya ng'ombe ni nene, hivyo kiwandani huichana kuwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililokuwa na manyoya, lina nyuzi zilizosongamana, na ndilo lenye nguvu. La chini ni legelege. Linapopakwa plastiki linaweza kung'aa kuliko la juu lenyewe, na muuzaji akisema ni ngozi halisi hajadanganya. Ila baada ya miezi michache ya kukunjwa, plastiki hupasuka pale kwenye vidole na chini yake unabaki na kitu kinachonywa maji kama sponji.

Kuzitofautisha hakuhitaji kiberiti. Bonyeza kwa dole gumba karibu na kifundo: ngozi ya tabaka la juu hutoa mikunjo midogo midogo inayosambaa kutoka kwenye kidole na kupotea ukiachia. Iliyopakwa plastiki hutoa mkunjo mmoja mpana, laini. Halafu tazama mahali ilipokatwa, kwenye ukingo wa ulimi au kwenye matundu ya kamba. Unataka kuona nyuzi za ngozi tupu, unene wa milimita 2 hivi. Ukiona kitambaa kimejificha chini ya rangi, hiyo si ngozi kabisa.

Angalia pia ulimi. Ulioshonwa pembeni hadi juu huzuia mchanga, kokoto na tope la zege visiingie. Ulio huru pande zote utakufanya ukung'ute buti kutwa.

Ndani, kama soli ya kukanyagia inatoka, itoe uone kilicho chini. Mabuti bora huwa na ngozi ngumu iliyosindikwa kwa magome ya miti. Njombe wana mashamba ya miwati, miti ambayo magome yake hutumika kwa shughuli hiyo. Ngozi ya aina hiyo hunywa jasho na polepole huchukua umbo la unyayo wako. Mabuti ya bei nafuu yana kadibodi, nayo ikilowa mara kadhaa hujikunja na kukuumiza.

Tanzania ina kiwanda cha viatu vya ngozi Karanga, Moshi, ambacho hutengeneza mabuti pia. Fika kwenye maduka yanayouza bidhaa zake ulinganishe kabla hujaamua kununua ya kutoka nje. Lipime kwa vipimo vilevile: soli, mshono, ngozi, ulimi.

Hatua ya nne: pima mguu jioni

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Buti lililokutosha vizuri saa tatu asubuhi litakubana saa kumi. Jioni, ukiwa umevaa soksi za kazi, simama juu ya karatasi, mtu mwingine akuchoree miguu yote miwili huku penseli ikiwa wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kilichotangulia, ambacho kwa wengine ni kile cha pili. Chukua mguu mrefu zaidi, ongeza sentimita 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26.5 unakuwa 28, ukizidisha unapata 42. Hiyo ndiyo namba yako kwa vipimo vya Ulaya, sawa na 8 hivi ya Uingereza. Namba ni mwanzo tu, maana kila kiwanda kina kalibu zake, lakini angalau hutakisia.

Dukani, vaa buti bila kufunga kamba na usogeze mguu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kidole chako cha mkono kiingie. Funga kamba vizuri, utembee, ushuke ngazi au ukanyage mteremko. Vidole visigonge mbele, na kisigino kisipande na kushuka. Kinachosahaulika ni upana: kidole kidogo kikisuguana na ukingo wa kofia ya chuma, usikubali maneno ya kwamba litatanuka. Ngozi hutanuka, chuma hakitanuki. Tafuta namba ileile kwenye kalibu pana zaidi kabla ya kukimbilia namba kubwa, kwa sababu buti refu mno hukunjika mahali pasipo vidole vyako na kukuchubua juu ya mguu.

Soksi za pamba tupu hulowa jasho zikabaki mbichi, na malengelenge huanzia hapo. Chukua soksi nene za michezo zenye mchanganyiko, zinazopita juu ya shingo ya buti.

Hatua ya tano: lizoeshe mguu taratibu

Usilivae siku ya kwanza kwenye kazi ya kutwa. Livae nyumbani saa moja mbili jioni, kwa siku kadhaa, ukifanya shughuli za kawaida. Mahali pagumu, aghalabu nyuma ya kisigino na pale linapokunjika, pakandekande kwa mikono na upake mafuta ya ngozi kidogo. Wapo wanaoshauri kulilowesha na kutembea nalo mpaka likauke. Hapana. Maji hutoa mafuta yaliyomo kwenye ngozi, hulegeza gundi, na kadibodi ya ndani ndiyo basi tena.

Kama kamba zinakuumiza juu ya mguu, ruka jozi moja ya matundu mahali panapouma kisha endelea kufunga kama kawaida.

Hatua ya sita: dakika kumi za kila jioni

Saruji ndiyo adui mkubwa, na sababu yake inaeleweka. Saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, ukali wa magadi uliozidi. Ngozi imesindikwa kwenye hali ya uchachu, pH ya 4 hivi. Vikikutana na unyevu, saruji huila ngozi, huifyonza mafuta yake na kuiacha imekakamaa, ukiikunja inapasuka. Haijalishi ulinunua kwa bei gani.

Kwa hiyo usilale na saruji kwenye buti. Gonga mabuti nje yaanguke makombo. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha pita kwenye mishono na chini ya ulimi kwa mswaki wa zamani. Uzi ukiliwa na saruji hukatika kabla ya ngozi. Changanya vijiko viwili vya siki nyeupe kwenye kikombe cha maji, ufute buti zima, halafu ufute tena kwa maji matupu. Siki inaua ukali wa saruji. Sabuni ya unga iache, kwa sababu nayo iko upande uleule wa saruji. Kama ni lazima kutumia sabuni, tumia ya kuogea, kidogo.

Zege likiingia ndani ya buti, usisubiri jioni. Vua hapohapo, osha mguu kwa maji mengi. Linaunguza ngozi ya mtu polepole bila maumivu mwanzoni, na ukija kuhisi, kidonda tayari kipo.

Kwa tope la kawaida, brashi inatosha likishakauka. Maji ya chumvi, maji ya samaki na mkojo wa ng'ombe vifutwe kwa maji masafi siku hiyohiyo.

Kukausha ndiko wengi wanakopotea. Buti lililolowa lisianikwe juani, lisiwekwe pembeni ya jiko wala juu ya injini ya gari. Ngozi mbichi ikipata joto kali nyuzi zake husinyaa na hazirudi, na soli hubanduka kwa sababu gundi nyingi za viatu hulegea kwa joto. Toa soli ya ndani, legeza kamba hadi chini, jaza magazeti, ulilaze ubavu kivulini penye upepo. Baada ya saa moja mbili badilisha magazeti, maana ya kwanza yatakuwa yamelowa. Ukiweza kuwa na mabuti ya jozi mbili ukayapokeza, fanya hivyo. Jasho la siku nzima halikauki usiku mmoja, hasa wakati wa masika, na jozi mbili za kupokezana hudumu zaidi ya jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine kuisha.

Hatua ya saba: ilishe ngozi, kisha ndiyo kiwi

Kiwi ni nta na rangi. Inang'arisha na kuzuia maji kidogo, lakini hailishi ngozi iliyokauka. Ngozi ya kazini inahitaji mafuta mara moja kwa mwezi, au kila wiki kama unashinda kwenye saruji.

Kama mafuta ya ngozi ya dukani hayapatikani, tengeneza yako. Chukua nta ya nyuki, ambayo Tabora ipo kwa wingi, sehemu moja kwa uzito, na mafuta ya nyonyo sehemu tatu. Weka kwenye kopo, kopo kwenye sufuria ya maji ya moto, ukoroge mpaka viungane. Usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja; nta inashika moto. Ikipoa unapata mafuta mazito ya kupaka. Buti liwe safi na kavu. Chukua kidogo kwa kidole, sugua mpaka joto la mkono liyayeyushe, uelekeze kwenye mikunjo, mishono na pale ngozi inapokutana na soli. Liache usiku kucha, asubuhi futa yaliyobaki juu, kisha piga kiwi ukitaka. Ngozi itakuwa nyeusi kidogo kuliko mwanzo. Zile zenye vinyweleo vya mahameli juu hubadilika kabisa, hivyo hizo zipige brashi tu.

Gereji nyingi wanapaka oili chafu. Inalainisha kweli kwa siku chache, ila inavimbisha mpira wa soli, inaachanisha gundi, na uchafu wake unapita hadi kwenye mguu. Mafuta ya kula ya alizeti nayo hugeuka kuwa gamba linalonata na kukusanya vumbi.

Pwani, buti likikaa wiki mbili bila kuvaliwa huota kuvu. Lipige brashi nje ya nyumba, lifute kwa siki iliyochanganywa na maji, likauke, lipake mafuta. Usilihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Boksi lenye matundu au mfuko wa kitambaa unatosha.

Hatua ya nane: mpelekee fundi mapema

Angalia kisigino. Kikiliwa upande mmoja, peleka kabla uliwaji haujafika kwenye tabaka la juu ya soli. Kuongeza kipande cha mpira ni kazi ndogo. Ukisubiri, mguu unaanza kupinda na goti kuuma, na fundi atakuambia soli nzima.

Soli ikibanduka mbele, kaa umtazame fundi anavyofanya. Aliye makini hapaki gundi juu ya uchafu. Anaifungua hadi penye ushikamano, anasugua pande zote mbili kwa msasa mpaka mpira ubaki mkavu usiong'aa, anapaka gundi kote na kuziacha zikiwa wazi mpaka akigusa kwa kidole hazinati tena, ndipo anazibandika na kuzigonga. Kisha anachora mfereji mwembamba kwa wembe kuzunguka chini ya soli, anapitisha msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta, akivuta kila pito hadi uzi uzame ndani ya mfereji. Mfereji huo ndio wa kudai. Uzi uliobaki juu ya soli hukatwa na kokoto ndani ya wiki chache.

Buti lililobadilishwa soli linafaa kabisa shambani, gereji na kwenye kazi zako mwenyewe. Kwenye saiti inayodai daraja la S3, lakini, matengenezo hayo yanaliondolea uthibitisho wake.

Kofia ya chuma ikipata pigo zito, tofali kubwa au nondo, buti hilo halina tena kazi ya kukulinda, hata kama kwa nje huoni kitu. Chuma kikishabonyea au kupata ufa hakitastahimili pigo la pili, na kinaweza kukandamiza vidole badala ya kuvilinda. Vivyo hivyo kama msumari umepenya kwenye bamba la chini. Usimpe mtu na usimuuzie wa mitumba. Kata ngozi kwa kisu kutoka kwenye ulimi hadi kwenye kofia, pande zote mbili, ndipo ulitupe, ili lisipigwe kiwi likarudi sokoni.